Ukisema Hachezi

Devota mwanangu,

Mama yako amekwisha kukuagiza kila kitu: sweta, chandarua, unga wa uji, parokia ya kuulizia ukifika, na namna ya kumtambua mwenye nyumba mkorofi kabla hujahamia. Nilikaa pale sebuleni nikisubiri zamu yangu, na ilipofika nikakuta hakuna kilichobaki isipokuwa mpira. Kwa hiyo nakuandikia habari za mpira. Wewe unanijua, hata wangenibakizia jambo jingine ningeishia hukohuko.

Nimeona niandike kwa sababu kwa mdomo siwezi. Miaka yote hii ya kushindana na kelele za mashine ya kusaga imeniacha na sauti moja tu, ile ya juu, na ninayotaka kukuambia hayasemeki kwa sauti ya juu. Halafu ningeanza kwa utani, ungecheka, ningefurahi kwamba umecheka, na basi la alfajiri lingeondoka sijasema kitu.

Kitu chenyewe ni kwamba ninaogopa.

Safari hainitishi. Mabasi ya siku hizi yana viti vizuri kuliko makochi yetu, na Kanda ya Ziwa wanaishi watu kama huku. Ninaiogopa kazi uliyopewa. Daktari wa timu. Najua utanirekebisha: "Baba, mimi si daktari, mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia." Mwanangu, kwa sisi wa jukwaani, yeyote anayekimbia uwanjani na begi ni daktari, na yeyote anayemwambia kocha kwamba straika hachezi ni adui. Hayo ndiyo majina mawili utakayokuwa nayo huko, na la kwanza linaweza kugeuka la pili kabla refa hajapuliza filimbi.

Nayajua hayo kwa sababu mimi ni shabiki. Umekua ukiniona nikirudi uwanjani sitaki chakula. Ulipokuwa mdogo ulimuuliza mama yako ni nani amefariki. Akakujibu, "Hakuna aliyekufa, ni wale Wana Mahindi wa baba yako wamefungwa tena." Ukaja ukanishika mkono ukanipa pole kama tunavyofanya msibani. Nilipokea. Nilikuwa nastahili.

Timu yetu ndivyo ilivyo, kila msimu tunaanza na maneno na kumaliza na maombi. Makocha tumefukuza hadi nimesahau majina yao. Mmoja tulimfukuza katikati ya mazoezi, anapanga koni, akaambiwa koni aziache kwa sababu ni mali ya klabu. Na viongozi ndio usiseme. Yule mwenyekiti wa mwisho tulimchagua sisi wenyewe wa tawi la Lizaboni, mimi nikiwa mpiga debe wake namba moja. Alikuja tawini na suti, akasema ataleta basi la timu. Basi likaja kweli, limechorwa sura yake ubavuni, anacheka. Wachezaji walilipanda siku ya kupiga picha. Baada ya hapo tukawa tunaliona kwenye harusi za watu, huku timu ikienda mechi za ugenini kwa kuomba lifti kwenye malori ya mahindi. Nilimtetea hata hapo. Nilisema basi linapumzishwa.

Unaweza kucheka, mimi mwenyewe nacheka. Ila sitaki udhani kwamba viongozi wabovu wanatoka mwezini. Wanatoka kwetu, tunawapigia makofi, halafu wanafanya yale tunayowaombea moyoni lakini tunaona aibu kuyafanya wenyewe. Niliiona ile mechi ya kubaki daraja, na wewe uliiona. Ulikuwa likizo ya chuo, nikakulazimisha tuongozane.

Asubuhi ya siku ile kamati ya ufundi ilikuwa imekaa. Jina ni hilo, ingawa wote tunajua ufundi wake hauhusiani na mpira: ni wale wazee wanaoambiwa na mganga geti lipi limetegwa na jezi ipi ina mkosi. Wakatangaza kwamba geti letu limetegwa, timu isipite. Basi timu iliyo nyumbani, kwenye uwanja wake, ikaruka ukuta nyuma ya vyoo kama wezi wa kuku, na sisi tukashangilia. Nilishangilia mimi niliyetoka misa ya kwanza asubuhi hiyohiyo na nikapokea komunyo.

Shabani, yule straika wetu wa Tunduru tuliyemwita Korosho, aliporuka alitua kwenye kipande cha tofali. Sisi tulikuwa tumesimama karibu na uzio, akapita mbele yetu kwenda kupasha misuli.

"Baba, ule mguu hauko sawa," ulisema.

"Amejikwaa tu."

"Hajajikwaa. Angalia anavyokanyaga, anakwepa kisigino. Asicheze yule."

"Hayo ni mambo ya mwaka wa pili, mama. Hapa ni uwanjani."

Uliendelea kuutazama ule mguu. Nadhani hapo ndipo ulipoichagua kazi hii, na mimi nilidhani nimeshinda hoja.

Mzee Kapinga, daktari wa timu, tabibu mstaafu, mtu mpole hata akikohoa anaomba radhi, aliona ulichokiona wewe. Alichuchumaa, akaubonyeza ule mguu huku na huku, akasimama, akaligeukia benchi, akapishanisha mikono kifuani. Hachezi. Uwanja mzima ukaona.

Mwenyekiti akashuka jukwaani. Hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Hakufoka. Mimi nilizoea kudhani kiongozi mbaya anafoka, na kumbe anayefoka si wa kuogopwa sana, watu wote wanasikia anachosema. Huyu alimwekea mzee mkono begani, akatabasamu, akasema kwa upole, sisi wa uzioni tukisikia:

"Mzee wangu, hapa hakuna anayekulazimisha. Wewe eleza tu tatizo ni nini."

Mzee akaanza kueleza. Akaeleza kano, akaeleza uvimbe, akaeleza wiki ngapi za kupumzika.

"Kwa hiyo mfupa haujavunjika?"

"Haujavunjika, lakini..."

"Basi tumuulize kijana mwenyewe. Shabani, unajisikiaje?"

Umati wote unaliita jina lako, mwenyekiti amekushika mkono, timu inashuka daraja jioni hiyo, na wewe una umri wa miaka ishirini na kidogo. Utajibu nini? Korosho akasema yuko fiti. Begi likachukuliwa mkononi mwa Mzee Kapinga, likakabidhiwa kwa dereva wa mwenyekiti, naye akaupulizia mguu ile dawa ya baridi kama mtu anayepulizia mbu. Na mimi, mwanangu, nilikuwa naliita lile jina kwa ile sauti yangu ya mashineni. Nakumbuka uliziba sikio la upande wangu.

Laiti tungefungwa, ningejifunza mapema. Alifunga. Kipindi cha pili, tena kwa mguu uleule. Tukabaki daraja. Mtu nisiyemjua akanibeba mabegani, nalia. Naye Korosho tulimbeba, na ndiyo maana hakuna aliyegundua kwamba hawezi kutembea.

Jioni ile, jua halijazama, umati ukaenda nyumbani kwa Mzee Kapinga. Mtu wa mbali angeuliza, si mmeshinda, hasira ya nini? Nilikuwa ndani ya ule umati na bado siwezi kumjibu. Mtu mmoja alisema mzee ametumwa, alitaka tushuke, na lile neno likatufaa, tulikuwa na furaha nyingi kuliko tulivyojua kuitumia. Tukaimba nje ya uzio wake wa mianzi. Mkewe akafunga madirisha. Halafu jiwe la kwanza likalia juu ya bati, na lingine.

Sikurusha. Niliimba. Ulipenya mpaka nilipo, ukanishika kiwiko, ukasema, "Baba, twende. Chakula kinapoa." Hukuongeza neno, wala siku zilizofuata hukuongeza. Mama yako ndiye aliyeongeza, kwa niaba ya ukoo mzima, upande wake na upande wangu.

Sikuandikii haya ili nitubu. Padri aliyasikia zamani kwenye kitubio, na wewe uliyaona kwa macho yako. Nayaandika kwa sababu usiku huu kila nikifumba macho nauona ule uzio wa mianzi, na ndani yake simuoni Mzee Kapinga, nakuona wewe. Na nikiwatazama walio nje, nawafahamu. Alikuwapo yule fundi aliyekushonea gauni la kipaimara. Alikuwapo mwalimu wako wa hesabu wa shule ya msingi. Alikuwapo mwimbaji wa besi wa kwaya yetu, na besi yake ilisikika. Hakukuwa na mhuni hata mmoja, au kama alikuwapo alikuwa na adabu kutuzidi. Kwa hiyo usije ukajipanga kwa ajili ya wahuni. Wakija mlangoni kwako watakuwa watu wachangamfu, waliokusalimia vizuri asubuhi, wanaopenda watoto wao. Watakuwa mimi.

Mwaka jana nilipokwenda msibani Tunduru nilikutana na Korosho. Anakusanya korosho kwa wakulima, kwa hiyo jina limemfaa mpaka mwisho. Alinitambua kabla sijamtambua.

"Shikamoo, mzee wa Lizaboni."

"Marahaba. Mguu unasemaje?"

"Alhamdulillahi, sokoni unanifikisha. Mpira ndio hautaki kusikia." Akacheka. "Sauti yako niliisikia siku ile. Nikasema, leo mashine ya kusaga imekuja uwanjani."

Nikampa pole. Akakataa, akasema pole ya nini wakati yeye mwenyewe aliomba kucheza. Kisha akachora chini kwa fimbo yake kidogo.

"Ila siku ile, mzee, kila mtu alikuwa ananipa ninachotaka. Aliyeninyima ni Mzee Kapinga peke yake, na mimi ndiye niliyemgeuka. Ningesema naumia, wasingemwendea nyumbani."

Tangu hapo nimekuwa nikifikiri juu ya wachezaji wako wajao. Watakudanganya. Watakuambia wako fiti huku jasho la maumivu linawatoka, na wewe utawapenda kwa sababu ni vijana wazuri. Ukilazimika kuwauliza, uwaulize mlango umefungwa. Mbele ya watu kijana hana jibu lake mwenyewe, ana la watu.

Juzi nilifanya jambo ambalo sikumwambia hata mama yako. Nilikwenda kwa Mzee Kapinga. Tunakutana mashineni siku zote, analeta mahindi yake, tunaongea habari za mvua na mbolea. Nyumbani kwake sikuwa nimekanyaga tangu ile jioni. Alikuwa anapukuchua mahindi barazani, akanyanyua macho.

"Leo umekuja peke yako? Kwaya umeiacha wapi?"

Nilikosa pa kuweka mikono. Akanisogezea kigoda, akanipa hindi nipukuchue, tukaendelea hivyo mpaka nikapata sauti. Nikamweleza habari zako, kazi, klabu. Nikamuuliza, nimwambie nini huyu mtoto?

"Mwambie akisema hachezi, aishie hapo," alisema. "Mimi niliharibu kwa kueleza. Kila nilichoeleza, mwenyekiti alipata pa kushika. Ningesema hachezi, nikafunga begi nikalikalia, angefanya nini? Angenibeba na begi langu?"

"Huenda angekubeba, mzee."

"Huenda. Nina kilo hamsini."

Tukacheka wote wawili. Nikaona amecheka, nikapata ujasiri wa kumuuliza kama aliogopa siku ile. Alimaliza kwanza hindi lake.

"Mvua ya mawe ikinyesha," alisema, "mke wangu anaingia chini ya meza. Mpaka leo. Tukiwa na wageni anajifanya kuna kitu kimemdondoka."

Mwanangu, nilitoka pale nikatembea mpaka nyumbani bila kupanda bodaboda, na nilipofika nikakukuta unakunja sare za klabu, unaimba. Ile hofu niliyokuwa naibeba kama homa ndogo ikanipanda yote. Mzee Kapinga alikuwa na mji wake, mke wake, majirani wa miaka arobaini, na bado tulimwendea. Wewe utakuwa na chumba cha kupanga na begi. Tena utakuwa mwanamke kijana katikati ya wanaume wanaojua kila kitu. Watakuita mtoto wetu. Watakuambia una huruma nyingi, mpira si wodi. Watakutumia mtu mzima wa heshima, anayefanana na baba yako, aje akuombe kwa upole.

Ndiyo maana jana nilikuambia kwamba hospitali ya misheni ulikokuwa unafanya kazi wangekurudisha ukiwaomba. Ulifikiri nakutania. "Si wewe uliyenipeleka uwanjani?" ulisema, ukaendelea kula. Ni mimi. Tangu ukiwa huna meno ya mbele, nikikuinua uone kona. Sikujua kwamba ulikuwa unaangalia miguu yao wakati mimi naangalia mpira.

Nikubali pia hili: nilipokuwa nikiandika hapa kuna sentensi nimeiandika na kuifuta, nikaiandika tena. Ilikuwa inasema kwamba siku mambo yakiwa mabaya kabisa, wewe itikia tu, mwache huyo kijana aingie, ili urudi chumbani kwako salama. Baba yeyote mwenye hofu angeiacha ibaki. Nimeifuta kwa sababu nina hofu nyingine nyuma ya ile. Naogopa siku utakayonipigia simu ukiwa umeitikia, timu imeshinda, watu wanaimba jina lako nje, na mimi nisikie sauti yako. Nakujua. Ungeubeba huo mguu wa mtu maisha yako yote. Kati ya hofu hizi mbili sijui ipi kubwa, zinapokezana, na usiku huu zote ziko macho pamoja nami.

Kwa hiyo sina ushauri wa maana zaidi ya ule wa Mzee Kapinga. Sema hachezi, funga begi, kaa kimya. Chumba upange mbali na uwanja, na siku ya mechi tafuta mtu wa kuondoka naye. Ukiona watu wachangamfu wengi mno wanakuja pamoja, usingoje kujua wanataka nini.

Na sasa nikuambie kuhusu mimi, maana mimi ndiye shabiki ninayemfahamu kuliko wote. Mechi zenu nitazisikiliza. Nitaizima mashine, wateja watanung'unika, nitawaambia umeme umekatika. Mnaweza mkafungwa bao moja, straika wenu amekaa benchi kwa sababu wewe ulikataa, na mtaa mzima huko una hasira na wewe. Ningependa kukuahidi kwamba nitakupigia nikuulize kama umekula na kama mlango umefunga. Nakusudia hivyo. Lakini nimeishi na huyu mtu miaka hamsini na kidogo, na najua mdomo wake unavyofunguka. Huenda neno la kwanza litakalotoka likawa, "Hivi asingeweza kuingia hata dakika kumi za mwisho?"

Ukinisikia nikianza hivyo, usinijibu. Usinieleze mguu wake wala usiniombe radhi. Nikatie simu papo hapo, bila hata kuniaga. Nitakaa na hiyo simu iliyokatika mkononi, nikijua kwamba uko imara kuliko mimi, na woga wangu utapungua kidogo. Halafu mpigie mama yako.

Baba yako,
Lizaboni, Songea